Nani Anawalisha Mbuzi wa Jabalini?

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la Mirbaz, upande unaopata jua, maana Januari hapa Gojal, milimani kaskazini mwa Pakistan, jua likikukosa umekwisha. Chai ya chumvi inachemka, na mada ni moja tu: Nazar Shah, mlinzi wetu wa mbuzi mwitu. Leo alasiri wazee wanakaa kuamua kama avuliwe ulinzi, na mwenyewe haonekani tangu juzi. Mimi nilifuata chai, lakini kijiwe hiki hakina watazamaji.

Alianza Redio, anayejua habari kabla hazijatokea.

— Nyie hamjiulizi? Kondoo wetu wako zizini, wanalishwa, na bado mbavu unazihesabu. Wale mbuzi wako juu kwenye mawe na barafu, wamenona! Nani anawalisha?

— Upepo, nikasema. Unapeperusha theluji majabalini, nyasi kavu zinabaki wazi. Na mafuta waliyaweka mwilini tangu kiangazi.

— We nawe! Upepo ni mpishi?

Jenerali, ambaye jeshini alikuwa mpishi, hakupenda.

— Mlishaji ni Nazar, akasema. Nyasi za kondoo wangu nilizohifadhi juu ya paa zimepungua. Na kwenye njia ya jabalini nimeziona zimedondoka, moja moja, mpaka theluji nene inapoanzia. Haba na haba hujaza kibaba.

— Paa lako linapungua, kibaba kipi kinajaa? nikamuuliza.

— Matumbo ya mbuzi, we bwege! Anawanonesha ili asifiwe.

Hakimu, mzee aliyeshtaki majirani zake wote, akaweka bakuli chini.

— Watoto nyie. Hawalishi, anawafuga! Ana pango huko, kawasha moto, mbuzi wanaota. Ile sufu laini chini ya manyoya yao mnadhani anamuuzia nani?

— Pango! Redio akaruka. Ndiyo maana haonekani. Kajilaza katikati ya mbuzi, anatucheka.

— Leo avuliwe, akasema Jenerali. Asiyekuwepo na lake halipo.

Ubaya wa kijiwe ndio huo: hata mimi wa upepo nilikuwa nimeanza kulitafuta hilo pango kwa macho.

Hapo akatokea Zaibun, mke wa Nazar, theluji imemganda mpaka magotini.

— Karibu chai, shemeji, akasema Jenerali, haraka mno.

— Sina muda. Nazar alipanda juzi kuwaangalia mbuzi. Jana mlisikia theluji ikiporomoka kule juu?

— Tulisikia, akasema Redio.

Kweli tulisikia. Tulikuwa papa hapa, tukabishana kidogo ni upande gani, kisha tukajaziana chai.

— Basi hajarudi.

Hakimu akakohoa.

— Na zile nyasi njiani, shemeji?

— Nyasi? Zile za buti? Buti zake zimepasuka, huzijaza nyasi kavu miguu isigande. Kama ni za paa la mtu, nitarudisha. Jamani, mimi nimekuja kuuliza kitu kimoja. Kupanda kule wakati wa theluji, njia inapita wapi?

Redio akamtazama Jenerali. Jenerali akamtazama Hakimu. Nikainama kwa aibu. Miaka yote tumekaa hapa tukiwajadili wale mbuzi, na wakati wa baridi hakuna aliyewahi kuwafuata ila Nazar.