Bisada Ghattas, Mwoka Mikate ya Madhabahu

Mpendwa wetu Bisada Ghattas Mikhail alizaliwa Jumapili, tarehe 11 Desemba 1949, katika kijiji hiki cha Nazlet Girgis, karibu na Mallawi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Ghattas Mikhail na marehemu Shafika Tadros. Mimi Labib, ninayesoma haya, nilimfuata baada ya miaka sita. Katikati yetu walizaliwa wawili ambao hawakuishi.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini hadi darasa la sita, mwaka 1961. Akili alikuwa nayo, ila aliwasumbua walimu. Mwalimu wa sarufi aliandika ubaoni “Mungu atatoa”, akamtaka ataje wakati wa kitenzi. Marehemu akajibu kwamba sentensi yenyewe imekosewa, ilipaswa kuwa “Mungu ameshatoa”. Alichapwa viboko vinne. Mimi nimefundisha sarufi miaka thelathini na mmoja, na msimamo wangu ni kwamba mwalimu yule hakukosea. Lakini neno hilo marehemu hakuliacha tena maishani.

Mwaka 1967 alikabidhiwa tanuri ya kanisa letu, akaoka mikate ya madhabahu kwa miaka hamsini. Alikanda unga huku akisoma zaburi kwa sauti ambayo, kusema kweli, haikuwa nzuri. Ugomvi wake ulikuwa mmoja tu, nao ni wa idadi. Padri wetu wa siku zile, Abuna Makari, alikuwa akimkuta mlangoni.

“Bisada, nimekuagiza mikate ishirini na mmoja. Hii mbona arobaini na mmoja?”

“Kuna wageni, Abuna.”

“Wageni gani?”

“Siwajui. Hawajafika.”

Ni kweli kwamba Ijumaa moja ya mwaka 1979 lori la wavunaji wa miwa liliharibika mbele ya lango la kanisa, na watu wote wakala wakashiba. Ni kweli pia kwamba siku nyingine nyingi hakuja mtu, na mikate ile tuliila sisi nyumbani mpaka tukaichoka. Familia iliniomba nisiandike hilo. Nimeliandika kwa sababu halimpunguzii kitu.

Tarehe 3 Novemba 1974 alifunga ndoa na Awatif Sidhom wa Mallawi. Siku ya posa mama wa binti alimkalia kooni.

“Utamweka wapi mwanangu?”

“Nyumba ipo, mama.”

“Ipo wapi?”

“Hapo ndipo sijaonyeshwa bado.”

“Jamani, huyu ni mzima kweli?” mama yule alituuliza sisi, bwana harusi akiwa amekaa palepale.

Nyumba yenyewe ikawa chumba changu, nami nikalala juu ya paa miezi kumi na minne. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Dimiana na Feryal.

Mwezi Machi 1998 figo zangu zote mbili ziliacha kufanya kazi. Nilikuwa na watoto watatu, mkubwa ana miaka tisa. Madaktari wa Kairo walisema bila figo ya ndugu nisitegemee kuumaliza mwaka 1999. Marehemu alipimwa, ikalingana. Daktari alimweleza hatari zake mara mbili, maana mara ya kwanza alimwona anatabasamu.

“Utabaki na moja. Nayo ikija kugoma, utafanyaje?”

“Mungu ameshatoa.”

“Ametoa nini, bwana?”

“Daktari, hilo uniulize siku ikigoma.”

Tulipasuliwa tarehe 14 Juni 1998. Mwezi wa Agosti alikuwa amerudi kwenye tanuri yake, na mimi Septemba nilifungua shule na wanafunzi wangu.

Figo iliyobaki iligoma Oktoba 2017. Mabinti zake wote wawili walijitolea. Mmoja ana kisukari, damu ya mwingine haikulingana, na madaktari walisema kwa umri ule hawathubutu kumpasua tena. Mara tatu kwa wiki nilimpeleka Minya kusafishwa damu. Nilikaa kando ya mashine nikiwa na figo yake tumboni mwangu, na nilikuwa na hasira. Si na madaktari. Abuna anisamehe, lakini hasira yangu nilijua inamwendea nani.

Mwezi uliopita nilishindwa kunyamaza.

“Haya, siku yenyewe ndiyo hii. Niambie, ameshatoa nini?”

Nikamwambia pia nimekwisha kumwuliza daktari kama naweza kumrudishia ile yake, na daktari amenifukuza ofisini. Marehemu alicheka mpaka mashine ikaanza kulia na muuguzi akaja mbio.

“Unirudishie nini wewe? Mwalimu mzima wa sarufi, hujui ‘yangu’ na ‘yako’? Ile haikuwa yangu hata siku moja, Labib. Mungu alijua utakuja mbovu, akanitanguliza mimi miaka sita nikubebee. Nilikuwa mpagazi tu.”

“Na wewe je, kaka? Wewe ulibebewa nini?”

“Tumekunywa chai pamoja miaka ishirini ambayo wewe hukuwa nayo. Ulidhani ulipewa peke yako?”



Alifariki nyumbani kwake Jumamosi, tarehe 9 Februari 2019, saa nne asubuhi, mke wake akimnyoa ndevu na mimi nimeshika beseni. Nilimpenda sana, na ninaona bora niliseme mbele yenu nyote, kwa sababu yeye sikuwahi kumwambia.

Ameacha mjane, Bibi Awatif; mabinti Dimiana na Feryal pamoja na waume zao; wajukuu watano; na mdogo wake mmoja, ambaye kwa maneno ya madaktari mlipaswa kuwa mmemzika miaka ishirini iliyopita.

Kaka yetu apumzike kwa amani ya Bwana.