Historia ya Marehemu, Mfasiri Aliyeigiza Kila Ukurasa

Ndugu waombolezaji, jamaa, majirani na marafiki, familia imemtuma mdogo wake marehemu asimame mbele yenu kusoma historia hii, si kwa kuwa ana busara kuliko wengine, bali kwa kuwa ndiye pekee katika ukoo aliyekataa katakata kuigiza, kwa hiyo inatarajiwa kwamba atasoma yaliyoandikwa na kukaa chini.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, mtoto wa tatu wa baba fundi saa na mama mshonaji, akawa mtoto wa maneno mengi tangu alipoanza kutamka, kiasi kwamba mama yake alikuwa akimtuma mbali kwa makusudi, apate kupumua.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957, akajiunga na sekondari ya bweni mwaka 1965, na huko ndiko kipaji chake kilikoonekana, siku ya wazazi, alipoteuliwa kutafsiri hotuba ya mwalimu mkuu, aliyezungumza kwa lugha ya kigeni mpaka jua likahama, kuhusu nidhamu, maadili na mustakabali wa vijana, marehemu akamsikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akawageukia wazazi na kuwaambia kwamba mwalimu mkuu anasema watoto wenu wamemchosha. Ukumbi mzima ulipiga makofi, mwalimu mkuu akainama kushukuru, na mpaka anastaafu aliamini hajawahi kutoa hotuba nzuri kama ile.

Mwaka 1971 aliajiriwa na idara ya maji kutafsiri kanuni za mabomba, kazi aliyoifanya kwa uaminifu na kuichukia kwa uaminifu uleule, hadi mwaka 1976 alipohamia kampuni ya uchapishaji na kukabidhiwa riwaya. Tafsiri yake ya kwanza ilipelekwa kwa mpiga chapa wa ofisi, msichana asiyejua kumung'unya maneno, ambaye alipofika pale kijana anapomweleza binti mapenzi yake, aliondoa mikono kwenye mashine, akamwita marehemu, akamwambia mbele za watu kwamba huyu kijana anaongea kama amekuja kusoma mita. Marehemu, kwa hasira, alimuuliza kwani yeye anadhani vijana husemaje, naye akamjibu, "Simama pale mlangoni, uniambie mimi, tusikie." Walioshuhudia wanasema alisimama pale mlangoni bila neno mpaka wenzake wakaanza kufunga madirisha. Ndoa yao ilifungwa tarehe 12 Agosti 1978.

Tangu siku hiyo, hakuna sentensi iliyotoka nyumbani kwake kwenda kuchapwa kabla haijasemwa na mtu kumwambia mtu, sebuleni, kwa miguu na mikono. Mungu aliwajalia watoto watatu, na wote waliajiriwa mapema, binti wa kwanza akicheza majenerali na mama wakwe, wa pili, kijana wa kiume, akicheza maiti, ndiyo maana hadi leo anaweza kulala popote, na kitinda mimba akicheza farasi, na magoti yake mnayajua. Jirani yao wa upande wa pili, askari mstaafu, aliwahi kuvunja mlango akiwa na rungu ili kumwokoa Mama, mke wa marehemu, kutoka kwa mume aliyekuwa akimtishia kisu, akamkuta Mama ndiye mwenye kisu, na mume akimwomba aanze upya kwa sababu hajakasirika vya kutosha, na baada ya hapo familia ilining'iniza mlangoni kibao kilichoandikwa TUNATAFSIRI.

Mwaka 2023, mwenye kampuni, kijana mstaarabu aliyerithi ofisi kwa baba yake, alimwita marehemu na kumweleza kwa upole kwamba riwaya kubwa iliyokuwa mezani, ambayo marehemu aliisubiri kwa miaka mingi kama watu wanavyosubiri mjukuu, itatafsiriwa na akili bandia, naye atapewa apitiepitie tu. Marehemu hakuwa mtu wa kudharau mashine, simu yake ndiyo iliyomkumbusha dawa na mara nyingi ilimkumbusha kwa adabu kuliko sisi, kwa hiyo alichukua sura iliyotafsiriwa, akaenda nayo nyumbani, akatafuta kosa na hakuliona, watoto nao wakatafuta, wakamwambia, baba, kubali yaishe. Ilimuuma sana, tena zaidi kwa sababu tahajia ya mashine ilikuwa nzuri kuliko yake.

Sura yenyewe ilihusu mzee anayerudi kwa mke ambaye yeye mwenyewe alimtelekeza, anabisha hodi, mke anafungua. Mama alishika karatasi, akafungua mlango wa jikoni, akasoma mistari miwili ya yule mke, ufasaha mtupu, kisha akaiweka juu ya friji na kusema, "Huyu mwanamke hajaachwa na mtu."

Marehemu alipopeleka maneno hayo ofisini, kijana aliomba aonyeshwe kosa liko mstari gani, na kwa kuwa halikuwepo, alialikwa nyumbani, akasimamishwa nje ya mlango wa jikoni na koti lake la ofisini, akapewa nafasi ya mume. Kwa maneno ya mashine alisoma vizuri kama mtangazaji wa habari, akamaliza, akatabasamu. Kisha, kwa maneno aliyoyatafsiri marehemu mwenyewe, Mama alifungua mlango, akamtazama kuanzia viatu, akamwambia, "Ingia basi, nzi wanaingia," na kijana yule akashindwa kuinua mguu, akaanza kumwomba Mama msamaha, na msamaha huo haukuwa kwenye karatasi. Riwaya ilirudishwa kwa marehemu wiki hiyohiyo.

Afya yake ilianza kuyumba mwezi Mei 2024, moyo ukachoka, naye akakimbizana na kurasa, akiogopa jambo moja tu, kwamba atakufa kabla hajamaliza na mashine itamalizia. Alilazwa tarehe 9 Septemba ikiwa imebaki sura ya mwisho, ambamo yule mzee, akikata roho, anamuaga mkewe, na wodi nzima ikaingizwa kazini, wagonjwa wa jirani wakitoa maoni, wauguzi wakija mbio kila alipokata roho, mpaka daktari akapiga marufuku mgonjwa yeyote kufa kwa majaribio.

Tarehe 27 Septemba, asubuhi, Mama alikaa kitandani kwake akasoma maneno ya yule mke, anapomuuliza mumewe, "Unaniacha tena?" Marehemu hakujibu. Mama alijua anavyolitafuta neno, akamwambia, "Chukua muda wako, mzee wangu," akamsubiri, akamsubiri, hadi muuguzi alipomshika bega.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa kwa uvumilivu wao, inawashukuru majirani, na askari mstaafu ambaye tumemsamehe ule mlango, inawashukuru wafanyakazi wenzake, na kwa namna ya pekee inamshukuru kijana mwenye kampuni, aliyekuja na rambirambi, akasema kwa nia njema kwamba jibu la yule mzee, ndilo pekee lililobaki, ni sentensi moja tu, mashine inaweza kulitoa palepale na hakuna atakayejua. Mama alimwambia, "Mimi nitajua."

Jana mchana alitukusanya sebuleni. Mtoto wa pili alilala chini bila kuambiwa, binti wa kwanza akasoma swali, na Mama akasema amemkasirikia mno huyu mtu kwa kuondoka bila kumjibu, hawezi kuandika. Kisha akacheka peke yake, akatuuliza kwani baba yenu alikuwa anaagaje akienda dukani halafu anarudi jioni. Tulijibu wote kwa pamoja, hata mdogo wake marehemu ambaye haigizi, na Mama akaliandika jibu hilo kwa mkono wake, na riwaya ikapelekwa kuchapwa leo asubuhi. Mke anauliza, "Unaniacha tena?" na mzee anajibu, "Naja sasa hivi."

Pumzika sasa, mzee wetu, kitabu kimekwisha.