Hadithi ya Kazija Iliyopata Wenyewe Saba

Mgeni rasmi, Bi Khairiya, mkaguzi wa madarasa ya kina mama; Maalim wetu Othman; wazee wetu mliotuitikia: Assalaam alaykum.

KARIBU KWETU
Sisi wanawake kumi na wanne wa Tibirinzi tunakupokea kwa mikono miwili. Umevuka bahari kuja kututazama, na wengine wetu hata Wete hatujafika. Utuwie radhi kwa kiti. Tumekiazima, na mguu mmoja unacheza.

TULIKOTOKA
Tulianza mwaka 1958, baada ya mavuno ya karafuu. Tulikuwa tukijua kusoma barua basi. Maalim akasema anayeweza kutoa ngano huku anachambua karafuu hashindwi kuiandika. Tukacheka, kisha tukaja.

TULICHOKIPATA
Hapa hatuna hakika. Mwenzetu Kazija aliandika jumba la sultani lenye nguzo za dhahabu. Maalim akalipiga mstari mwekundu: "Umeliona wapi? Andika unachokijua."

Kazija si msemaji, ni mtu wa kutazama. Alikaa wiki tatu, akaandika mwanamke aliyeazima mbuzi ya kukunia nazi kwa jirani, asiirudishe, hata akawa anapita njia ya nyuma kwenda kisimani asionane na mwenyewe. Ilipokwisha kusomwa, kila mtu alikumbuka lake.

ILIPOTUTATIZA
Kesho yake hadithi ilikwishafika Vitongoji. Wakaja kwa Kazija wanawake saba, kila mmoja na mbuzi ya mwenziwe mkononi.

"Ndo mie huyo ulonandika?"

"Jina umelificha, mwanangu, lakini kisima ni chetu."

Jirani yetu Bi Moza aliletewa mbuzi mbili, zote si zake. Yake ilikuwa kwa Kazija tangu mwezi wa mfungo sita. Ndipo Kazija akasema kweli: mwanamke yule ni yeye mwenyewe, aliandika "yeye" ili apate kusema.

Tulidhani yamekwisha. Mama mkwe wake, Bi Masika, ndipo alipokasirika. "Ukiwaandika wenzio, umbea. Ukijiandika, waivua nguo nyumba yangu. Sasa wataka nini?" Akalifungia daftari sandukuni, akamkataza hadithi mpaka apatikane mtu wa kumweleza hadithi ni nini.

Tulikwenda kumweleza. Mwanakhamis, anayekusomea risala hii, alimwambia hadithi ni uongo tu. Bi Masika akamuuliza, "Basi mbona mbuzi zimerudi?"

Tukaondoka na swali lile. Maalim naye tulimuuliza. Alijikuna kidevu, akasema tuendelee na imla.

OMBI LETU
Bati linavuja, lakini hatuombi bati. Tunaomba baada ya chai ufike kwa Bi Masika, nyumba ya tatu kutoka hapa. Usimwamrishe, ni mtu wa heshima, na hasira zake si za bure. Umweleze, nasi tusimame mlangoni tusikie. Ikiwa ni umbea, tuambie tuache. Ikiwa si umbea, Kazija apate daftari lake, maana darasa zima ndiye mmoja tu aliyeandika kitu kikatembea.

Risala hii ameiandika yeye. Alichokatazwa ni hadithi, risala hakukatazwa. Jana tulimsomea Bi Masika kwanza, tusimvunjie adabu mbele ya mgeni. Alisikiliza mpaka mwisho. Daftari hakulitoa. Ila tulipoinuka kuondoka alituita.

"Hapo pa kisima hapajatimia," akasema. "Mwambieni aongeze: alikuwa akipita kajitanda buibui mpaka machoni, na ndoo kaishika mkono wa kushoto. Nilikuwa nikimwona."

Mwenyezi Mungu akurejeshe salama kwa watu wako, na akufungulie ulimi utakapofika kwa Bi Masika. Amin.

Ni sisi,
Darasa la Hadithi la Kina Mama,
Tibirinzi, Chake Chake, 1960.