Kaseti Ndani ya Koti la Mzee

Mwaka ule tulikula unga wa njano, ule wa msaada. Ugali wake ulinuka gunia. Ndio mwaka nilimzika mzee wangu.

Ndugu zangu, nawaambia bila haya: nilianguka. Nilifunga mdomo. Sikusalimu mtu, hapa kanisani sikuja, chai yangu ikazeeka bila kuchumwa. Mke mwenza wangu aliniwekea chakula mlangoni, nami nikamrudishia sahani imejaa.

Siku ya kugawa nguo za marehemu, nikapekua koti lake jeusi. Kaseti! Nikaijua papo hapo. Zamani nilifua nguo kwa Wahindi wenye duka mjini Kisii. Binti yao alirudi kutoka Ulaya na muziki wa panki: vijana wanapayuka, gitaa kama mabati yanayopigiliwa misumari. Kiingereza sijui, lakini hasira niliielewa. Akanirekodia kaseti nzima, nami nikaipenda kama mtoto. Tulipookoka, mzee akaniambia, "Nimeitupa chooni." Kumbe alidanganya, Mungu amrehemu!

Nikaitia kwenye redio. Nikapayuka pamoja nao mpaka machozi yakatoka, ya kwanza tangu mazishi. Ikawa hivyo kila alasiri, mlango nimeufunga.

Sasa fikirieni majirani. Mjane hasemi na mtu, lakini nyumbani mwake wanaume wanapiga mayowe! Kwetu hilo lina jina moja: mchawi. Na mnajua huku mchawi hufanywa nini.

Walikuja mchana, shemeji yangu mbele, kiberiti mkononi. Wakapanga majani makavu ya migomba mlangoni.

"Toa hicho kitu unachoongea nacho! Tukichome, wewe tukuache."

Mtasema, si kaseti tu? Ndugu zangu, kutoa ni kukiri. Wajukuu wangu saba, wote wenye akili, wangeitwa wa mchawi mpaka wazeeke. Nikafungua mlango, redio kifuani, sauti yote.

"Sitoi. Ni yangu, mzee aliniwekea, na anayeitaka anichome nayo."

Shemeji akawasha njiti. Ndipo mke mwenza wangu akapenya katikati yao, akayakalia yale majani, na mwili wake mnaujua.

"Shemeji, akili umeacha wapi? Mchawi hutembea kimya! Huyu anaamsha mpaka kuku. Haya, choma, uanze na mimi."

Mtu akacheka. Mwingine akacheka. Njiti ikamuunguza shemeji kidole, akaitupa. Wakaondoka mmoja mmoja. Pole sijapewa mpaka leo.

Asante, mke mwenza, wewe uliyekaa pale nyuma. Asanteni nyinyi wajane mliokuja kunichumia chai wiki ile. Na wewe uliyefiwa, nakwambia: usilie umejifungia. Lia mlango wazi, watu wajue ni wewe.

Asubuhi hii mama mwenyekiti wa akina mama ameniomba nikishashuhudia niikabidhi kaseti kwa mzee wa kanisa, ichomwe, maneno yaishe. Mama, nakuheshimu sana. Lakini sikia.

Sitoi. Ni yangu, mzee aliniwekea, na anayeitaka anichome nayo.