Tundu Lililorukwa

Usiseme hukumwona. Ulikaa nyuma yake ndani ya basi, ukageukia dirishani kama ulivyozoea.

Bibi alikuwa anafuma kitambaa cha meza, uzi mweupe ukitoka mkobani. Aliyekaa naye, mwanamke fundi cherehani, alivumilia mpaka akashindwa. "Shikamoo, bibi. Samahani, hapo umeruka tundu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeliruka kusudi."

"Makubwa! Kazi nzuri hivi, unaiharibu kusudi?"

"Tulikuwa tukifuma pamoja sebuleni kwangu, mimi na mashoga zangu. Anayekosea, jirani yake anamfumulia, na yeye anatupikia sote. Mimi sikuwa nakosea, kwa hiyo nilikula tu, hata wakaniita Mdomo." Alicheka peke yake. "Wote nimewazika. Siku hizi nakosea kila nikipanda basi, nangoja mtu aseme."

"Na wanasema?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Fundi alikichukua kitambaa, akaanza kufumua taratibu. "Haya, nakufumulia. Unanipikia nini, Mdomo?"

"Wali na maharage!" Bibi alimshika mkono. "Unakuja lini? Kesho?"

Basi likasimama. Fundi akatazama mlangoni, akatazama ule mkono. "Bibi, nashuka hapa. Nguo za watu zinaningoja. Tutaonana, Mungu akipenda." Hakuuliza hata nyumba iko wapi.

Bibi amebaki na kitambaa mapajani, nusu kimefumuliwa, na kiti cha pembeni yake kiko wazi. Wewe bado umekaa hapo nyuma. Inuka. Nenda ukakae naye, umuulize anakaa wapi.