Rangi Imekataa

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha kinyozi, na linatazamana na geti la shule uso kwa uso. Mtoto akichelewa, benchi linajua kabla ya mwalimu wa zamu. Hapo ndipo Komeo, bawabu wa shule, huvuka barabara kila asubuhi akishafunga geti, anywe kahawa huku jicho lake moja likiwa kazini. Kahawa ni ya Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale, ila ukimwita jina jingine unaondoka na koo kavu. Kinyozi wanamwita Wembe. Wa nne ni Redio, mtu ambaye hakuna ajuaye anafanya kazi gani, na hakuna anayethubutu kumuuliza, maana akiulizwa anajibu. Siku hiyo kulikuwa na manyunyu na baridi ya kuuma masikio, na Komeo alikuwa ameshika kikombe chake tu bila kukinywea.

— Inapoa hiyo, Shangazi alisema.

— Naiona.

— Huioni. Unaangalia kona. Unamngoja nani?

— Nimngoje nani mimi?

Wembe alikuwa anapuliza nywele kwenye mashine yake. Akacheka bila kuinua kichwa.

— Anamngoja yule mtoto wa sweta. Huyu bwana leo amepima rangi pale getini utadhani ananunua gari.

Ni kweli, alikuwa anamngoja, na roho haikutulia. Pale getini, chini ya kibati, huning'inia sweta ya mfano, ya kijani, imewekwa na ofisi tangu kabla Komeo hajaajiriwa. Kila mtoto hupita kando yake. Komeo akiona rangi hazilingani, hutamka neno alilofundishwa, "rangi imekataa," sweta inavuliwa, inatumbukizwa kwenye kiroba, na mtoto anarudi kwao mpaka aje na mzazi. Asubuhi ile alimrudisha mmoja, msichana wa darasa la tatu, kwa shati tupu. Wanaorudishwa huwa wanarejea kabla ya kengele ya mapumziko, mzazi mbele amekunja uso, mtoto nyuma. Kengele ilishalia zamani. Watoto wamecheza, wamerudi madarasani, na yule msichana hakuonekana.

— Atakuwa amelala kwao, Komeo alisema. — Watoto wa siku hizi ukiwapa nafasi ya kurudi nyumbani umewapa sikukuu.

— Kwao ni wapi? Shangazi aliuliza.

— Sijui. Wageni wale. Wamehamia juzijuzi.

— Nyuma ya mashine ya kusaga, Wembe alidakia. — Mama yake anafua mashuka hospitali. Anatoka alfajiri, anafunga mlango, ufunguo unakwenda naye.

Shangazi alimtazama Komeo. Komeo akatazama kahawa.

— Kwa hiyo umemrudisha mtoto kwenye kufuli.

— Mimi nimemrudisha kwao, Shangazi. Kufuli sikuliweka mimi. Na sheria sikuiandika mimi. Mnajua bawabu aliyenitangulia kilimpata nini? Alipitisha mtoto mwenye soksi za buluu. Soksi tu. Siku hiyo hiyo mkuu wa shule alimvua funguo mbele ya mstari mzima, watoto wanaangalia.

— Na ulisimama unaangalia?

— Nilikuwa nafyeka majani. Jioni nikaitwa nikapewa funguo zile zile.

Wembe akakaa vizuri. Mada imefika, na mada ikifika pale benchini haiachwi iende hivi hivi.

— Mimi niseme ukweli, sare lazima ibane. Mtoto asipozoea kufungwa vifungo mpaka shingoni, ukubwani hafungiki. Mimi hapa nilipigwa kwa sababu ya kola. Nimeharibika?

— Umeharibika, Shangazi alisema. — Ukinyoa mtu unaacha upande mmoja.

— Huo ni mtindo.

— Nyie hamjui sare ni ya nini, Redio alisema, na wote wakavuta pumzi, maana Redio akianza hazimwi. — Mkuu wa shule haoni. Macho yamekwisha siku nyingi. Watoto wake anawajua kwa rangi tu. Akiona kijani, anajua hawa wangu. Akiona rangi nyingine, anajua ni mbuzi wa jirani ameingia.

— Haoni, na soksi za buluu aliziona vipi?

— Aliambiwa.

— Na nani?

— Ndiyo ujiulize hapo. Nani anafaidika? Duka. Yule mwenye duka la sare akilala anaota magoti ya watoto. Sketi ikipanda juu ya goti anauza ndefu, ikishuka anauza fupi. Mkiniambia hakuna mkono wa duka kwenye goti la mtoto, nitawaambia nyinyi mmelala.

— Redio, Shangazi alisema kwa upole uliokuwa karibu kuisha, — kuna mtoto hajulikani alipo. Mwaga maneno yako pole pole.

— Si ndiyo namzungumzia yeye?

Komeo aliinuka, akasogea mpaka ukingo wa barabara, akatazama kulia, akatazama kushoto, akarudi kukaa. Alitamani mmoja wao aseme tu kwamba amemwona mahali, amejikinga kwenye kibaraza cha mtu, anacheza. Mbona ni jambo dogo kusema. Hakuna aliyelisema, na yeye aliona haya kuuliza, kwa sababu kuuliza ni kukiri.

— Kengele ya mchana ikilia, mkuu anakuja kukagua kiroba, alisema. — Ataniuliza sweta ngapi, nitamwambia moja. Hataniuliza mtoto.

— Hajawahi kuuliza?

— Hata siku moja.

Redio hapendi ukimya, humkaa vibaya mwilini. Akajikohoza.

— Haya, mtacheka, lakini nitasema. Ile sweta ya mfano inabadilika rangi yenyewe.

Wembe alicheka mpaka akashika ukuta. Hata Komeo alitabasamu, kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

— Cheka tu, Redio alisema. — Lakini nikuulize, kinyozi. Mwanao ukimnunulia sweta mpya, unamvalisha siku hiyo hiyo?

— Aa. Naianika kwanza.

— Imelowa?

— Haijalowa. Naianika tu. Juu ya bati, jua la kutosha, ikishaanza kuchoka ndiyo anavaa. Mtaa mzima ndivyo tunavyofanya.

— Kwa nini?

— Sweta mpya haipitagi getini. Nani asiyejua hilo?

— Sweta mpya, ya duka la shule, yenye nembo ya shule, haipiti kwenye geti la shule?

— Haipiti, Wembe alisema, ila safari hii alilisema taratibu, na kicheko kilikuwa kimeshamtoka.

Shangazi akaweka birika chini.

— Rudia hapo, Redio.

— Nimeshasema. Inabadilika. Kila muhula inataka sweta iliyochoka zaidi. Mimi nafikiri wameifanyia dawa.

— Dawa gani, wewe. Komeo, leta hicho kiroba.

Komeo hakumpa. Alikifungua mwenyewe, pale pale miguuni pake. Sweta ya yule msichana ilikuwa kijani kibichi, nzito, sufi yake bado inateleza, nembo imekaa sawasawa kifuani, na kikaratasi cha duka la shule hakijatolewa ubavuni. Asubuhi hakukiona kikaratasi. Asubuhi aliona rangi imekataa, basi.

Alivuka barabara nayo bila kuangalia magari. Pale getini aliishika sweta ya mfano, ile aliyoiamini kuliko macho yake, akaushika mkono mmoja wa sweta hiyo na kuugeuza ndani nje. Nje ilikuwa rangi ya majani yaliyokauka. Ndani, mahali ambapo jua la kila alasiri halijafika, ilikuwa kijani kibichi. Akaiweka ya mtoto kando yake. Zilikuwa pacha.

Alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. Aliwakumbuka wale aliowarudisha, kila muhula, wenye sweta mpya zinazonukia duka, na mama zao waliokuja wakiapa kwamba wamenunua palepale walipoambiwa, naye akiwajibu kwa adabu kabisa kwamba mama, rangi imekataa. Aliowapitisha walikuwa wenye sweta za kurithi. Mtaa ukajifunza kuanika. Wageni tu ndio hawakujua kuanika, na hakuna aliyewaambia, kwa sababu kila mtu alidhani ni jambo linalojulikana.

Aliporudi benchini walikuwa wamesimama, wameshaona.

— Si kosa lako peke yako, Wembe alianza.

— Nyamaza, Shangazi alimwambia.

Ndipo akatokea mwanamke, kutoka upande wa hospitali, anatembea kwa haraka ya mtu aliyeomba ruhusa fupi kazini. Alikuwa bado amevaa buti za mpira, na mikono yake ilikuwa imejikunja kwa maji ya sabuni. Alilipita benchi, akaona geti limefungwa, akarudi.

— Hamjambo jamani. Samahani, bawabu ni yupi?

— Ni mimi, mama.

— Naomba uniitie binti yangu, wa darasa la tatu. Amesahau dawa yake ya kifua. Baridi kama hii ikimkuta bila dawa, hapumui vizuri. Nimpe tu mkononi, nirudi kazini, sitachukua muda.

Alikuwa ameinyoosha, kile kichupa cha kuvuta kwa mdomo, anampa Komeo kana kwamba Komeo ndiye mtu sahihi wa kupewa. Komeo alikipokea. Mkono wake mwingine ulikuwa bado na sweta.

Mama aliitazama sweta. Aliitazama tena.

— Hiyo ni yake. Hiyo nimeinunua mwenyewe, jana. Mbona unayo wewe?

— Mama, kaa kwanza, Shangazi alisema.

— Sikai. Yuko darasani bila sweta?

Komeo alitafuta maneno ya kuanzia. Yaliyokuja yalikuwa yale yale ya kila siku, yamezoea mdomo wake, na alichukia kuyasikia.

— Rangi ilikataa, mama. Nikamrudisha. Asubuhi.

— Ukamrudisha wapi? Nyumbani hakuna mtu. Yeye mwenyewe anajua hakuna mtu.

— Sheria ilisema…

— Sikuulizi sheria, baba. Mwanangu alielekea wapi?

Swali lenyewe dogo kiasi hicho. Na watu wanne walikuwepo, watatu benchini wanatazama geti uso kwa uso kama kawaida yao, wa nne getini penyewe.

— Kushoto, Wembe alisema. — Nadhani kushoto. Nilikuwa naangalia ile sweta ilivyoinuliwa.

— Kulia, Redio alisema, kisha akashika kichwa. — Au yule alikuwa wa jana. Sijui. Mama, nisamehe, sijui.

Shangazi alikuwa anamimina kahawa. Alisema hivyo, kwa sauti ndogo ambayo si yake, na machozi yakamlengalenga. Komeo ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote. Lakini Komeo alikuwa amempa mtoto mgongo, sweta mbili ameziinua kwenye mwanga apate kuona vizuri, na alipogeuka kumwambia aende, mtoto alikuwa ameshaondoka. Komeo alifurahi hata, kwamba mtoto huyu ana adabu, habishani.

Mama hakungoja wamalize kujilaumu. Alimpokonya Komeo kile kichupa, akashika njia ya kulia akikimbia na buti zake, anaita. Wembe akaenda kushoto na taulo la kunyolea begani. Redio akaelekea kwenye mashine ya kusaga, kimya, mtu ambaye hawajawahi kumsikia kimya. Komeo alichagua kichochoro cha katikati kwa sababu ndicho kilichobaki. Nyuma yake aliisikia sauti ya mkuu wa shule ikimwita kutoka ndani, bawabu, bawabu, na hakuitika.

Kwenye kona ya kichochoro kuna fundi viatu anayekaa chini ya turubai tangu asubuhi. Komeo alimfikia pumzi zikimkatika.

— Fundi, hujamwona mtoto amepita hapa? Wa shule. Msichana.

— Wamepita watoto wengi. Amevaaje?

Hilo Komeo alilijua vizuri mno. Akalijibu kwa mkupuo mmoja:

— Sketi ya buluu, imevuka goti. Shati jeupe, limechomekwa, kola imekaa. Soksi nyeupe, zimepanda sawasawa. Viatu vyeusi vya kamba. Hana sweta.

Fundi aliacha sindano kwenye soli.

— Ndugu yangu, hao wote wanavaa hivyo, na shule yenu kila siku inamwaga wasio na sweta. Nakuuliza mtoto mwenyewe. Mweusi, maji ya kunde? Mrefu? Amesuka, hajasuka? Uso wake ukoje?

Komeo aliitafuta asubuhi ile yote, toka mtoto alipofika getini mpaka alipogeuka na kumkosa. Aliikuta kola. Aliikuta nembo, mishono ya mabegani, vifungo kimoja kimoja. Juu ya kola hapakuwa na kitu.

— Sikumtazama, alisema.

Kwa mbali, upande wa pili wa nyumba, walimsikia mama akiita tena, na mvua ikaanza kunyesha kwa nguvu.