Mzee wa Nyumba Tatu

Benchi letu liko ukutani kwa fundi cherehani, na kahawa huletwa na Rula, mchoraji ramani mstaafu. Tangu mkewe afariki, miaka minne sasa, bado anachemsha birika lilelile la watu watano, halafu analileta kwetu kwa sababu nyumbani hana wa kunywa naye. Juzi alikuja na barua ya ofisi ya kodi. Serikali imetoa nafuu: mfanyakazi anayeishi na mzazi wake anapunguziwa kodi. Basi watoto wake watatu, wote wenye kazi nzuri na mikopo ya nyumba inayowakaba, kila mmoja amejaza fomu kwamba baba anaishi kwake. Afisa angekuja siku hiyohiyo kuuliza yuko kwa nani hasa.

— Hongera, mzee, alianza Spika, ndiye fundi mwenyewe. Una nyumba tatu! Mimi hata moja napanga.

— Hawakuniambia, alisema Rula.

— Wakuambie ya nini? Chema chajiuza.

— Hiyo methali umeivalisha koti la mtu mwingine, nikamwambia.

Dokta, ambaye anatengeneza simu na hajawahi kutibu hata kuku, alipuliza kahawa yake.

— Msiwalaumu. Maskini anasamehewa, tajiri ana mwanasheria. Huyu wa katikati, ada inamvuta huku, mkopo kule, ana nini? Ana baba.

— Basi wamgawane! alisema Spika. Kichwa kwa kifungua mimba, miguu kwa kitinda mimba.

— Na tumbo?

— Tumbo libaki hapa benchini.

— Nyie hamjaona mbali, alisema Dokta. Mwakani nafuu itakuwa ya shangazi. Mwaka unaofuata, ya jirani. Mwisho nchi nzima inakaa nyumba moja na hakuna anayelipa kodi!

— Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! alidakia Spika.

Tulicheka. Rula hakucheka, alikuwa anainyoosha ile barua gotini. Akisema kweli, watatu wote watapigwa faini. Akimtaja mmoja, wawili atakuwa amewaponza yeye, baba yao. Nilimwonea huruma, nikajiona mjinga kwa kucheka.

Binti mwenye faili la ofisi ya kodi akatokea.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa, alisema Rula.

— Asante, baba. Nina swali moja tu. Jana ulilala kwa nani?

Spika aliinamia cherehani yake. Dokta akaanza kutafuta skrubu ambayo haikupotea. Mimi nikatazama kikombe.

— Nisipojibu? aliuliza Rula.

— Itabidi niwaite watoto wako wote, tukutane nyumbani kwako.

— Wote watatu?

— Wote.

— Siku moja?

— Siku moja, baba.

Rula aliikunja barua, akaiweka mfukoni mwa shati.

— Basi sijibu. Waambie waje asubuhi, kahawa ipo.